Fundi Kengele na Ujazo wa Vitu

Kibanda cha Fundi Kengele kilikuwa cha mwisho kabisa katika safu ya mafundi, ukishawapita washona viatu na waziba pancha, na hakikufika huko kwa bahati. Majirani walikuwa wamemsogeza polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka upande wake wa pili ukabaki ukuta mtupu, na ukuta haulalamiki. Kazi ya bati haina ukimya. Ukilikunja linalia, ukiligonga linalia, na likinyamaza kidogo, basi mwenye kibanda mwenyewe huanza kuongea. Jina la Kengele walimpa mafundi wenzake, na hawakumweleza kama lilitokana na nyundo au na mdomo. Yeye alilipokea kama sifa.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mseja, mwembamba, na vidole vyake vimejaa makovu madogo ya makali ya bati. Ufundi aliurithi kwa mjomba wake. Pamoja na nyundo, mkasi na chuma cha kulehemu, mjomba alimwachia furushi la karatasi ngumu zilizokatwa kwa vipimo: ya ndoo, ya karai, ya faneli, ya birika, ya taa ya mafuta. Mteja akitaka ndoo, Kengele hutandaza karatasi ya ndoo juu ya bati, huchora, hukata, hukunja, na jioni ndoo imetoka. Kazi yake ilikuwa safi. Viungo vyake havikuvuja, na kingo alizipinda vizuri zisimkate mtu. Lakini kwa kuwa kila kitu kilitoka kwenye karatasi za mjomba, hakuwahi kulazimika kujiuliza kwa nini ndoo ni ndoo na karai ni karai.

Jibu alikuwa nalo, hata hivyo, na alilitoa kwa kila aliyesimama mbele ya kibanda. Bati ni bati, alisema. Likiwa kubwa, chombo kitaingiza kingi. Likiwa dogo, kitaingiza kidogo. Umbo ni urembo tu. Ukitaka kujua chombo kitameza kiasi gani, usiangalie kilivyosimama, angalia bati lililoliwa. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulimaliza jambo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hoja ya kumjibu, kichwa kilivimba.

Asubuhi moja alifika mwanamke mmoja muuza nafaka, ambaye sokoni walimwita Bi Maharage. Yeye na mdogo wake walikuwa wamerithi meza ya mama yao, wakaona ni heri wawe na meza mbili, moja kwenye mlango wa mashariki wa soko na nyingine kwenye mlango wa magharibi, ili mteja akimkwepa mmoja amwangukie mwingine. Kopo la mama yao la kupimia lilikuwa limeliwa na kutu. Alitaka makopo mawili mapya, yanayopima sawasawa, kwa sababu dada hawawezi kuuza bidhaa moja kwa vipimo viwili.

Kengele hakuwa na karatasi ya kopo la kupimia, lakini hilo halikumtisha. Alikata vipande viwili vya bati, kila kimoja urefu wake mara mbili ya upana wake. Akaviweka kimoja juu ya kingine mbele ya mteja, vikafunikana barabara, hakuna kilichochungulia. Kisha, kwa kupenda kuonyesha ufundi, kimoja akakikunja kikawa kopo refu jembamba na kingine akakikunja kwa upande wa pili kikawa kopo fupi pana. Vitako alivitia kutoka kwenye mabaki. Kila dada ajue lake, alieleza, msije mkagombea kopo.

Bi Maharage aliyatazama kwa muda. Aliuliza kama kweli yanapima sawa, maana kwa macho yake lile refu lilionekana kubwa zaidi. Kengele alicheka, akala kiapo kwa nyundo ya mjomba wake, akamweleza habari ya bati na urembo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwanamke yule aliondoka ameshawishika nusu. Njiani akaamua kwamba, madhali yanapima sawa, atachukua lile refu yeye mwenyewe, kwa kuwa mnunuzi hununua kwa macho kwanza. Lile fupi, lililokaa kama mtu aliyechoka, akampelekea mdogo wake.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda kama alivyofikiri. Wanunuzi waliliona kopo refu limejaa maharage mpaka juu, wakajipanga. Baadaye foleni ikapungua. Wale waliokuwa wakija kwake akaanza kuwaona wakipita mbali, vikapu begani, wakielekea mlango wa magharibi bila hata kumtupia salamu. Mdogo wake akawa anamaliza gunia kabla jua halijawa kali, huku yeye amekaa na maharage yake na nzi wawili watatu wa kumliwaza. Akadhani mdogo wake ana maneno matamu kuliko yeye. Akadhani amesengenywa. Mwishowe mama mmoja mtu mzima akamwambia wazi kwamba kopo lake linajaza macho lakini halijazi sufuria.

Hapo Bi Maharage akafunga meza, akachukua kopo lake na la mdogo wake, akachota maharage kwenye mfuko, akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa safu ya mafundi.

Hakupaza sauti. Wenzake Kengele walisema baadaye kwamba hilo ndilo lililowafanya waache kazi wakasogea kuangalia. Aliyaweka makopo yale juu ya kizingiti cha kibanda, moja ubavuni mwa lingine.

"Fundi, haya ni ndugu?"

"Ni mapacha," alijibu Kengele. "Uliona mwenyewe nikiyakata."

Mwanamke alilijaza kopo refu maharage mpaka mdomoni, akalisawazisha kwa kiganja, kisha akayamimina yote ndani ya lile fupi. Maharage yalifika katikati, yakatulia. Alilijaza refu mara ya pili, akamimina tena. Sasa lile fupi likajaa barabara.

"Pacha mmoja anakula mara mbili ya mwenzake," alisema.

Mshona viatu alicheka hadi akashika ukuta. Kengele, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu atoke kwa mjomba wake, alilishika lile fupi akachungulia ndani. Aliomba arudie. Mwanamke akarudia. Aliomba afanye yeye kwa mkono wake, akafanya, maharage yakafika pale pale. Akajitetea kwamba kitako cha lile fupi ni kikubwa zaidi, na kweli kilikuwa kikubwa, lakini alipoyageuza makopo na kuvitazama vitako hivyo alijua mwenyewe kwamba kitako hakiingizi maharage. Kazi ya kitako ni kuyazuia yasimwagike. Ubavu wa makopo yote mawili ulikuwa bati lile lile, sawasawa, na bado moja lilimeza maradufu.

Alimwomba mwanamke msamaha mbele ya wote, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akaahidi kutengeneza makopo mengine bila malipo. Akaomba pia, kwa unyenyekevu uliowashangaza majirani, aachiwe makopo yale na maharage kidogo.

Mchana huo hakula. Alikaa chini kibandani akiyapanga maharage juu ya vile vitako viwili, moja moja, mpaka vikafunikwa. Hapo ndipo alipoliona jambo. Kopo fupi lilikuwa na mzunguko mara mbili ya ule wa kopo refu, hilo alilijua, ndivyo alivyolikunja. Lakini kitako chake hakikuchukua maharage mara mbili. Kilichukua mara nne. Kumbe duara ukilitanua mara mbili kuzunguka, uwazi wa ndani haukui mara mbili, unakua kila upande kwa pamoja, mbele na ubavuni. Kimo alikuwa amekipunguza nusu tu, na uwazi ameuongeza mara nne. Alichokipoteza kwenda juu alikipata maradufu kwenda pembeni. Aliyakusanya maharage yake, akayapanga upya kuhakikisha, kisha akacheka peke yake kama mtu aliyekumbuka kisa cha zamani.

Makopo mapya yalitakiwa kuwa tayari kesho yake. Yalichukua karibu mwezi. Kwanza Kengele aliyatengeneza, akayapeleka mwenyewe sokoni, akaona kingo za moja hazimridhishi, akayarudisha. Kisha akayaleta na kumwomba Bi Maharage ayapime mbele yake, na walipomaliza kupima akauliza kama maharage na mchele hupima tofauti. Bi Maharage alikuwa mtu wa kuangalia vizuri kabla ya kujibu, na katika kuangalia huko aligundua kwamba fundi huyu, licha ya kelele zake, alikuwa na namna ya kusikiliza kwa mwili mzima akiambiwa kitu asichokijua. Mdogo wake aligundua mapema zaidi, na ndiye aliyesema kwamba makopo hayo yakikamilika kabla ya posa itakuwa ajabu.

Hayakukamilika kabla ya posa.

Walianza maisha katika vyumba viwili nyuma ya soko, na kwa kweli walikaa vizuri. Mume aliongea, mke aliangalia, na kila mmoja aliona mwenzake anamfanyia kazi ambayo yeye hakuipenda. Kengele hakuliacha lile jambo la ujazo. Lilimganda. Kila mabaki ya bati aliyoyapata aliyakunja kwa umbo lingine, akajaza maharage ya mkewe, akahesabu, akayarudisha mfukoni. Alijaribu kopo la pembe nne, akaona kwamba kwa ubavu ule ule wa bati linaingiza kidogo kuliko la mviringo, kana kwamba pembe zinakula nafasi bila kurudisha kitu. La pembe tatu lilikuwa bahili zaidi. Alijaribu kutanua kopo zaidi na zaidi, fupi na pana, akidhani sasa amepata dawa, mpaka likawa kama sinia. Hapo akagundua kwamba kitako na kifuniko navyo vinataka bati, na kwamba ukipita kiasi unachokiokoa huku unakipoteza kule. Chombo chenye kifuniko kilichompa ujazo mkubwa kwa bati dogo kilikuwa kile ambacho kimo chake na upana wake vilikaribiana. Kuanzia siku hiyo mapipa yake yalianza kufanana na watu wanene wafupi, na wateja wakawa wanayatambua kwa mbali.

Kuna mwaka alitaka kutengeneza mpira. Alikuwa ameshawishika kwamba hakuna umbo litakaloushinda kwa kubeba kingi na kujifunika kwa kidogo. Lakini bati hukubali kupinda upande mmoja tu. Ukilidai lipinde pande mbili kwa wakati mmoja linajikunja makunyanzi kama uso wa mtu aliyekula limau. Aligonga siku nzima kwa nyundo ndogo, mpaka waziba pancha wakamtumia ujumbe. Kilichopatikana kilikuwa mpira wenye mabonde, wa ukubwa wa papai, wenye tundu juu. Ulibeba maharage kuliko kopo lolote alilowahi kulitoa kwenye bati la kiasi kile. Shida yake ilikuwa moja: ukiuweka mezani haukai, unabingirika, na maharage yote yanashuka nao. Mkewe alimuuliza ni mteja gani anayetaka chombo kinachokimbia. Kwa muda ulikaa juu ya kabati, umeegemezwa kwa kitabu.

Jingine alilijifunza kazini, kwenye matangi ya maji ya mvua. Mteja akija kutaka matangi madogo mengi, Kengele alimkalisha chini. Tangi likiongezwa mara mbili kila upande, kwenda juu, kwenda pembeni na kwenda nyuma, linataka bati mara nne tu, lakini maji yake ni mara nane. Vyombo vidogo ni ngozi tupu, alisema. Vikubwa ni tumbo. Mteja aliyeelewa aliondoka na tangi moja kubwa na bati lililobaki mkononi. Asiyeelewa aliondoka na kichwa kinachomuuma, lakini na tangi zuri hata hivyo.

Mkewe aliyajua hayo kwa njia yake, jikoni. Uji wa sufuria ulibaki moto wakati ule wa kikombe umekwisha kupoa. Na mtoto wao wa kike, aliyezaliwa mwaka wa tatu wa ndoa yao na kuwa wa pekee, alipokuwa analia kwa njaa na uji unachoma, mama aliumwaga kwenye sahani bapa, ukatandaa, ukapoa kabla ya kilio cha pili. Uji ni ule ule, alimwambia mumewe, lakini sasa uso wake ni mkubwa, joto limepata milango mingi ya kutokea. Kengele alilipenda neno hilo la milango akalitumia kwa wateja miaka mingi, bila kusema alikolitoa.

Binti alikua, akasoma, akawa mshonaji, akaolewa na dereva wa lori. Kengele na mkewe walianza kuwa na mvi na kuulizana kila siku ni nani aliyesahau kufunga mlango. Kisha binti akapata ujauzito, na maandalizi yote waliyokuwa wameyapanga yakavurugika, kwa sababu mtoto hakusubiri. Alikuja wiki nyingi kabla ya wakati, kwa upasuaji wa dharura, dereva akiwa safarini mbali na mzigo wake.

Mkunga aliyewapokea Kengele na mkewe hospitalini alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vilivyolika visigino na sauti isiyo na haraka. Aliwaambia kwamba mama ametoka salama lakini ana homa, atahitaji siku kadhaa za kulala na dawa. Mtoto ni wa kiume, anapumua mwenyewe, na hilo ni jambo kubwa. Kisha akawaonyesha kupitia kioo. Kengele alimwona mjukuu wake, akaona kwamba angeweza kumweka kwenye viganja viwili na nafasi ikabaki. Miguu ilikuwa kama vidole vyake mwenyewe. 

Bibi ndiye aliyeuliza kitakachofuata. Mkunga akajibu kwamba adui wa kwanza wa mtoto huyu ni baridi, hata kama nje jua linawaka.

"Ana mwili mdogo na ngozi nyingi," alisema. "Joto analolitengeneza ndani ni kidogo, na pa kutokea ni pengi. Mimi na wewe tumejaa, tunakaa na joto letu. Yeye linamtoka mara moja."

Maneno hayo yalimwingia Kengele moja kwa moja, bila kupita kwenye masikio, ilionekana hivyo. Vyombo vidogo ni ngozi tupu. Alikuwa ameyasema mwenyewe kwa miaka akiuza matangi, na hakuwahi kufikiri kwamba yangeweza kumhusu mtu. Papo hapo akaanza kumweleza mkunga mpango. Angetengeneza sanduku la bati, kuta mbili mbili, katikati maji ya moto, kifuniko chenye matundu ya hewa; leo hii hii, bati analo, lehemu anayo. Alikuwa amekwisha kuonyesha vipimo kwa mikono hewani.

Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, na alisikiliza kweli. Alisema wazo si baya, ndivyo vinavyofanya kazi vile vyombo vya joto walivyonavyo wodini, lakini maji ya moto yanaweza kuzidi, yakamchoma, au yakapoa pasipo mtu kujua. Vyombo vya wodi vilikuwa na watoto wengine wadogo zaidi. Kwa mtoto anayepumua mwenyewe kuna kitu kinachofaa sana, na kinajirekebisha chenyewe: kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa. Kwa kawaida ni mama, lakini mama ana homa na kidonda. Akamgeukia bibi. Bibi alikuwa na mafua yaliyomshika tangu juma lililopita, akakohoa kabla hajaulizwa, na kwa kikohozi hicho akajihukumu mwenyewe. Asingeruhusiwa hata kuingia chumbani.

Mkunga akamwangalia Kengele.

"Baba, una kikohozi?"

"Sina."

"Homa? Vidonda vya ngozi?"

"Mikononi tu, vya zamani."

"Nenda ukaoge vizuri, kisha uje uvue shati."

Alioga katika bafu la wodi kwa sabuni waliyompa, akasugua kucha mpaka zikauma. Mkunga alimkalisha kwenye kiti chenye mgongo ulioinama, akamletea mtoto akiwa amevaa nepi na kofia tu. Kofia, alieleza, kwa sababu kichwa cha mtoto wa namna hii ni sehemu kubwa ya mwili wake wote. Akamlaza kifuani kwa babu, tumbo kwa tumbo, akamgeuza uso pembeni apumue vizuri, kisha akamkunja mikono na miguu kama chura, akawafunga wote wawili kwa kitambaa kipana kilichozunguka mgongo.

Kengele alielewa kila mkunjo. Mtoto aliyenyooka ana pande nyingi za kupoteza joto. Aliyekunjwa anakaribia mpira, amejifunika kwa kidogo. Na upande wake wa mbele, uliogusana na kifua cha babu, haukuwa tena mlango wa joto kutokea. Ulikuwa mlango wa kuingilia. Lakini kuelewa ni jambo moja, na kukaa pale ni jingine. Chini ya kidevu chake kulikuwa na kitu chepesi kama mfuko wa mchele wa kuonja, kinachopumua haraka haraka, na kila kiliponyamaza kidogo moyo wake yeye ulisimama ukingoja. Aliogopa kuhema. Aliogopa kumeza mate. Mkunga alipopita kumpima mtoto joto aliona jasho kwenye paji la uso wa babu, akamwambia kwamba anaweza kulegea, na kwamba mtoto anapenda kusikia sauti, mradi iwe ya chini.

Hilo halikuhitaji kurudiwa. Alianza kwa kunong'ona, akamsimulia mjukuu wake habari ya mjomba na karatasi zake. Akamsimulia kopo refu na kopo fupi, na jinsi bibi yake alivyokuja bila kupaza sauti. Akamweleza kwa nini mapipa yake ni manene. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na msikilizaji asiyeweza kusogeza kibanda chake. Akina mama waliokaa kwenye viti vya jirani na watoto wao vifuani wakaanza kumwomba aongeze sauti kidogo, maana walikuwa wamefika katikati ya kisa cha mpira wa bati na hawakusikia mwisho wake. Waliposikia kwamba ulibingirika na maharage yote, mmoja alicheka mpaka ikabidi muuguzi aje kumshika mtoto.

Alifanya hivyo siku baada ya siku. Alifika asubuhi, akaoga, akavua shati, akakaa. Nje, mkewe alikaa kwenye benchi la ua na kitambaa mdomoni, akimpikia, akimfulia, akimuuliza kupitia dirishani kama mtoto amekojoa. Kibanda kilifungwa. Waziba pancha, waliozoea kuomba anyamaze, walituma mtu kuuliza lini atarudi, kwa kuwa siku zilikuwa ndefu bila kelele zake.

Homa ya binti ilishuka. Alasiri moja alikuja akitembea polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni palipokuwa na kidonda. Alimkuta baba yake amefumba macho, akisimulia kwa sauti ya chini namna ya kulehemu mdomo wa birika, na juu ya kifua chake chenye mvi kofia ndogo inapanda na kushuka.  Alimjua baba yake kama mtu wa sokoni, wa mbele za watu. Huyu hakuwahi kumwona.

"Baba," alisema, "ukifika kituo cha hadithi, nipe mwanangu."

Kengele alifumbua macho. Alifika kituo. Mkunga akaja kusaidia, wakamfungua mtoto, na kwa muda mfupi alipokuwa hewani kati ya kifua kimoja na kingine alilia, kilio chembamba lakini cha hasira, na wote watatu wakafurahi kumsikia ana hasira. Kisha akatua kwa mama yake, akakunjwa, akafungwa, akanyamaza. Kengele alibaki na kifua kilichopoa ghafla. Alivaa shati lake, akatoka nje akakaa na mkewe kwenye benchi, na walikaa hapo kwa muda mrefu, mkewe akimshika mkono.

Baba wa mtoto alifika kutoka safarini na vumbi bado kwenye nyusi. Walipeana zamu, yeye na mkewe, na babu pale walipochoka. Mtoto akaongezeka. Mashavu yakatokea, kisha kidevu cha pili, kisha mikunjo kwenye mapaja, na kila mkunjo Kengele aliupokea kama habari njema kutoka mbali. Kadiri alivyojaa, ndivyo alivyohifadhi joto lake mwenyewe. Walimtoa kifuani kwa muda mfupi, wakampima, akawa bado ana joto. Wakamtoa kwa muda mrefu zaidi. Mkunga alisema kwamba sasa ana tumbo kuliko ngozi, na Kengele hakukumbuka kama ni yeye aliyemfundisha neno hilo au amelipata mwenyewe.

Siku ya kuruhusiwa kulikuwa na jua na upepo mdogo. Dereva alibeba mizigo, binti alitembea wima. Kengele alimvalisha mjukuu kofia mbili, akamzungushia blanketi, akataka kuongeza kanga. Mkunga, aliyetoka kuwaaga, alimwambia kwamba sasa mtoto atatoka jasho, kofia moja inatosha. Walibishana kidogo kuhusu kofia ya pili, na Kengele alitoa hoja za kitaalamu, lakini mkunga alikuwa na kazi ndani. Akaivua, akamtilia Kengele mfukoni.

Mafua ya bibi yalikuwa yameisha zamani, lakini binti na mtoto walikuwa katika chumba kisichoruhusu wageni, na mpaka siku ile alikuwa hajamshika mjukuu wake hata mara moja. Alikuwa amemwona kupitia kioo, na kupitia maneno ya mumewe, ambayo yalikuwa mengi. Sasa alinyoosha mikono. Binti akampa.

Bi Maharage alikaa kwenye benchi lile lile la ua, akamweka mtoto mapajani, akaanza kumfungua blanketi. Kengele alitaka kusema jambo kuhusu upepo. Mkwewe akamgusa kiwiko. Bibi akafungua mkunjo baada ya mkunjo, akahesabu vidole vya mikono, akahesabu vya miguu, akampinda kidogo kuangalia mgongo, akamgeuza tena akamtazama usoni. Alichukua muda wake, kama alivyozoea kuangalia kila kitu kabla ya kusema. Mtoto naye alimwangalia, macho yamekodoka, miguu imenyooka kabisa juani, na wote waliosimama pale wakasubiri mpaka aridhike.

"Ni wa kwetu," alisema, akamfunika.